Dar mpaka Lamu na mwiko wangu mwenyewe

Nimerudi wiki ya pili sasa na begi bado halijaisha kufunguliwa, kuna mchanga wa Shela, kule Lamu, kwenye ndala sijaukung'uta. Njiani nilikua naandika andika kwenye simu kila nikipata nafasi, vingine nimevikumbuka kwa kuangalia picha, kwahiyo bei nikikosea mia mbili tatu mnisamehe. Tulienda mimi na wifi yangu, basi, miguu na boti, kwenye harusi ya mdogo wake mume wangu. Mume alitangulia wiki nzima kwao kusaidia maandalizi.

Kwa asiyenijua: nina siliaki. Nikila ngano, shayiri au rai, mwili wangu wenyewe unaushambulia utumbo, vile vinyweleo vya ndani vinavyonyonya chakula vinasagika, unakula unashiba lakini mwilini hakiingii kitu. Kabla ya kujulikana nilitibiwa taifodi sijui mara ngapi, amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, nikaongezewa damu mara mbili, jirani mmoja akasema nimerogwa. Mwaka 2019 ndo daktari mmoja hapa Dar akanipima damu kuangalia kingamwili, halafu nikamezeshwa kamera wakachukua vipande vidogo vya utumbo, ikaonekana. (Kama unajishuku usiache ngano kabla ya kupima. Ukiacha mapema majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo palepale.)

Dawa hamna. Dawa ni kuacha ngano mpaka kaburini, na kiukweli kuacha sio kazi, mtu wa Pwani mwenye wali, muhogo, ndizi na samaki hawezi kulia njaa. Kazi ni ngano kugusa chakula changu. Chakula kinachoruhusiwa kuandikwa hakina gluteni (ile protini ya ngano, shayiri na rai inayotudhuru) kinatakiwa kisizidi miligramu 20 za hiyo gluteni kwenye kilo nzima, sasa we fikiria chapati imekandwa mezani asubuhi, meza ikafutwa na kitambaa, mchana hapohapo nakatiwa kachumbari. Na gluteni sio mdudu, haifi kwa moto wala sanitaiza. Inatoka kwa maji, sabuni na kusugua, basi.

Kabla ya safari

Mfuko wa chakula ulikua mzito kuliko wa nguo. Dona kilo mbili ya mahindi niliyosagisha mwenyewe kwenye mashine ambayo yule kijana ananisagia mimi wa kwanza asubuhi ikishafagiliwa, na bado debe la mwanzo nawaachia kuku wa jirani. Karanga na korosho nimekaanga nyumbani. Mayai ya kuchemsha. Hotpoti ndogo. Kisufuria changu, mwiko wangu, kijiko, kisu, dodoki jipya, sabuni ya kipande, foili. Pakiti kumi za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji ukiharisha. Wifi akaniangalia akasema wifi, tunaenda harusini au tunahama?

Unga wa lishe ule wa uji mchanganyiko usiuamini hata ukiwa umeandikwa mtama na ulezi, mara nyingi humo ngano imo. Ulezi mtupu, mtama mtupu, uwele mtupu, hivyo havina shida, shida ni mashine vilikopitia.

Siku ya 1, Alhamisi. Dar – Tanga

Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, basi likaondoka saa moja na nusu kwa sababu ya abiria mmoja aliyekua "anakuja yupo hapo nje". Nauli tulilipa 19,000 kila mtu. Chalinze foleni ya malori, baada ya hapo usingizi.

Kituo cha kula dakika kumi na tano, wote wameshuka wakarudi na chips kuku. Chips za barabarani mimi sigusi japo ni viazi, maana karai ni moja, mafuta ni yaleyale yamekaanga sambusa na maandazi tangu asubuhi. Nikafungua hotpoti yangu, wali na dagaa wa nazi, nikaiweka mapajani. Siti ya pembeni alikaa mama na mtoto wa kama miaka miwili, ana biskuti mkononi imelowa mate, tumecheza naye tangu Chalinze. Nimegeuka kumuuliza wifi kitu, nageuka tena, mkono wa biskuti umezama kwenye wali mpaka kwenye kiwiko.

Mama yake akaanza kumchapa kamkono nikamwambia jamani muache, hotpoti nikamkabidhi mtoto mwenyewe, akala mpaka akalala. Mama mtu akanishangaa sana, akawa anasema "dada si utoe tu pale alipogusa uendelee." Nikaanza kueleza, nikaona macho yake, nikaacha. Nilikula mayai mawili na machungwa ya Muheza yanayouzwa dirishani, mfuko 2,000. Chungwa unalimenya mwenyewe, hakuna wa kulichafua.

Tanga gesti ya Ngamiani 25,000 chumba cha watu wawili, safi, maji yapo. Tumelala saa mbili.

Siku ya 2, Ijumaa. Tanga

Siku hii ilikua ya kupumzika tu ila ndo niliyojifunza kuliko zote.

Asubuhi tukatembea zile barabara za namba, kwenye baraza moja kuna bibi anapika vibibi, harufu ya nazi na iliki imejaa mtaa mzima. Kibibi ni mchele wa kuloweka na kusaga na tui, kwa kanuni mimi nakula. Lakini pembeni ya bibi kuna karai la maandazi na sinia la unga, na mikono yake miwili ni myeupe.

Nikamwamkia. Nikamuuliza ni mchele mtupu? Mchele na nazi na hamira na sukari, mjukuu wangu, kwani unataka nini kingine. Basi nikaanza ile hotuba yangu, bibi mimi nina aleji na ngano, yani hata ikigusa kidogo, sasa mikono yako... Bibi akatulia akanisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Sasa wewe unaumwa au una mwiko?"

Nikasema naumwa bibi.

Akasema basi usiseme hivyo. Ukimwambia mtu unaumwa atakwambia jaribu kidogo, atakwambia sema bismillahi kula, atakutafutia dawa. Sema ngano ni mwiko wako. Marehemu mume wake alikua hali taa, yule samaki, mwiko wa kwao, hata mchuzi uliopikiwa taa alikua hatii mdomoni, na miaka arobaini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwanini wala kumwambia onja tu.

Mimi nimesimama pale na mkononi nimebeba mfuko wenye mwiko wa kusongea, nikacheka peke yangu. Miaka yote nazunguka na mwiko kwenye mkoba na neno lenyewe sikulijua matumizi.

Bibi hakuniuzia siku ile. Akasema upawa umeshagusa huku na huku, kesho njoo alfajiri kabla sijafungua ngano, ntaanza na vyako.

Siku ya 3, Jumamosi. Tanga – Horohoro – Mombasa

Saa kumi na moja alfajiri giza, tumegonga kwa bibi na mabegi yetu. Kaosha kikaango kwa mchanga na sabuni, upawa mpya, na amevaa kanga nyingine kabisa, akasema ile ya jana imejaa unga. Hilo la nguo hata mimi ningelisahau. Vibibi kumi na viwili, nikampa 3,000 akarudisha elfu moja. Vingine vilikua vya moto bado tulipofika mpakani.

Kwa atakayepita: Tanga mpaka Horohoro gari ndogo tulilipa 6,000, lami tupu. Mpaka ni ofisi za pamoja, unagonga mihuri yote jengo moja, tulitumia dakika arobaini. Beba kadi ya homa ya manjano, wifi aliulizwa mimi sikuulizwa. Afisa alifungua mfuko wangu wa unga akaunusa akauliza huu unga gani, nikamwambia dona, nina mwiko wa ngano. Akafunga mfuko. Jamani. Sekunde tatu! Mwaka juzi uwanja wa ndege nilieleza robo saa.

Lunga Lunga kubadilisha pesa (shilingi yao moja kama ishirini zetu), laini ya simu, matatu mpaka Likoni shilingi 400 za kwao, imejaa, muziki juu. Feri ya Likoni ya miguu ni bure, imesukumana kama Kigamboni vile. Mombasa tulifikia kwa rafiki yake wifi waliyesoma wote, nyumba ya ghorofa Mji wa Kale, dirishani unaiona Ngome ukiinama kidogo.

Siku ya 4, Jumapili. Mombasa

Ningekua na uwezo hii siku ningeifuta.

Asubuhi ilianza vizuri. Tulienda Marikiti kununua viungo vya mama mkwe. Muuza viungo mmoja, mzee wa Kihindi anayeongea Kimvita kuliko wifi yangu, akanifundisha kitu, yani nilikua nanyanyua kikopo cha mvuje wa unga akanambia soma nyuma. Mvuje wa unga wa kwenye kopo mara nyingi unachanganywa na unga wa ngano ili usigande na harufu ipungue, ukitaka mtupu nunua ule wa donge unaonuka kama kitunguu kilichooza. Miaka nakula bhajia za dengu najiambia dengu haina shida, kumbe siku zingine tumbo likivimba ilikua mvuje. Kama mna siliaki liandikeni hili ukutani.

Viazi karai nimepita mbali, ule urojo wa rangi unaovikwa kiazi ni ngano. Mchana mbaazi za nazi nimekula nyumbani, zilipikwa mbele ya macho yangu, wenzangu wakila na mahamri na mimi na wali. Raha.

Jioni mwenyeji wetu akaleta mkate wa sinia. Kaagiza kwa jirani yake, maalum kwa ajili yangu, maana wifi alimwambia huyu hali ngano. Mkate wa mchele, unang'aa, juu umekua wa dhahabu. Nikauliza ni mchele mtupu? Mchele mtupu. Nikauliza na sinia lilipakwa nini? Samli. Nimeuliza maswali yangu yote na jibu la kila swali lilikua lile nililotaka, nikala vipande vitatu.

Saa tano usiku tumbo likaanza kujaa kama puto. Saa saba natapika. Baadae nikajua kwamba jirani, kwa kutaka mkate usivunjike maana ni wa mgeni, alitia vijiko viwili vya unga wa ngano "ushike". Mwenyeji wetu hakujua. Jirani naye hakuna aliyemuuliza. Nilipoelezwa sikuweza hata kukasirika, yule mama alijitahidi zaidi ya kawaida yake, na hicho alichozidisha ndo kilichoniua.

Sasa huwa siulizi "ni mchele mtupu?" Nauliza "umetia nini ili ushike?" Swali moja tu limebadilika, majibu yanayotoka usipime.

Siku ya 5, Jumatatu. Mombasa – Mokowe – Lamu

Tikiti tulishakata, 1,300 za Kenya, na akdi ni Alhamisi. Wifi alitaka tulale. Mimi nikasema twende, ubishi wangu.

Kilomita mia tatu na zaidi. Malindi, Garsen, Witu, Mokowe. Naandika kwa kifupi maana na nyie mnakula. Mpaka Malindi nilishika kwa meno. Kupita Malindi nikaenda mbele kwa dereva nikamwambia kaka naumwa tumbo, akanitazama usoni mara moja tu akapaki pembeni, abiria basi zima wamekaa kimya wananisubiri, hakuna hata mmoja aliyeguna. Alisimama mara tatu. Mara ya pili ni mama mmoja wa Garsen aliyeshuka na mimi bila kuniuliza jina, akafungua leso yake akanishikia kama pazia, kageuka mgongo anaimba taratibu ili nisione aibu ya kusikika. Tulivyorudi akanikalisha dirishani, akamwambia utingo aniletee dafu Garsen na pesa akakataa.

Njia hii kuna vizuizi vya polisi vingi, mnashuka mnaonyesha vitambulisho mnapanda. Watu wanalalamika. Mimi kila kizuizi nilikua nashukuru, maana nyuma ya kizuizi kuna choo.

Ukipata ngano kwa bahati mbaya: hakuna kidonge cha kuiondoa, usidanganywe. Ni maji na chumvi tu mpaka ipite. ORS ikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa sana, nusu kijiko kidogo cha chumvi, unakunywa kidogo kidogo. Ukiona damu, au maji hayakai kabisa, au unazimia, hiyo ni hospitali sio ORS.

Mokowe boti 200. Kusi inavuma, maji yanarukia ndani, mimi nimelala kwenye mizigo. Naukumbuka mji ulivyotokea, mweupe, na punda wamesimama gatini, na mume wangu ananinyanyua kama gunia.

Siku ya 6, Jumanne. Lamu

Kitandani. Ndwele ya ngano haiishii tumboni, kichwa kinakua kama kimejazwa pamba, viungo vinauma, kwenye viwiko vipele vinawasha. Uji wa mchele na chumvi. Mama mkwe anaingia kila nusu saa.

Mama ni mtu wa huruma ila miaka sita ya ndoa hili jambo hajawahi kuliamini. Kwake mkwe anayekataa chakula anakataa nyumba. Akakaa ukingoni mwa kitanda akasema taratibu, mwanangu, sisi zamani hatukua na maradhi haya, haya ni ya wazungu.

Nikamwambia mama, wazungu wenyewe wamejua chanzo ni ngano juzi tu. Alikuwepo daktari wa watoto Uholanzi anaitwa Dicke, vita vya pili, mwaka 1944 kuingia 1945 kulikua na njaa kubwa kule, mkate hakuna, watu wanakula mpaka vitunguu vya maua. Ajabu watoto wake wa wodini, wale wa tumbo lisilopona, kwenye njaa hiyo wakapata nafuu. Mkate uliporudi wakaanza kuumwa upya. Ndo akathibitisha. Na mama, moja ya sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi kuliko zote walizopima duniani ni kwa Wasaharawi, Waislamu wa jangwani walioko kambi za wakimbizi Algeria. Sio wazungu wale.

Akawa anafikiri. Nikakumbuka bibi wa Tanga nikasema mama, chukulia ngano ni mwiko wangu. Akatikisa kichwa, mwiko anauelewa, lakini akauliza swali la kweli kabisa: mwiko ni kutokula, sasa sufuria lina kosa gani?

Hapo ndo ikanitoka tu. Nikasema mama, akija mtu akapikia nguruwe kwenye sufuria lako, akalifuta kwa kitambaa, akakwambia tayari, pika wali, wewe ungepika?

Mama akanyanyuka. "A'uzubillahi."

Nikasema basi.

Amekaa kimya kama dakika nzima. Halafu akasema, lakini ngano ni riziki ya Mungu, usiifanye najisi. Nikasema siifanyi mama, ni mfano wa kuosha tu. Akasema haya, mfano wa kuosha nimeufahamu. Akatoka. Nikasikia jikoni masufuria yanagongana, anamwambia binti wa kazi lete stiliwaya, lete majivu, hili lisuguliwe mara ngapi, hili la udongo liweke mbali halisuguliki hili. Mume wangu alisimama mlangoni ananiangalia, miaka sita amejaribu.

Siku ya 7, Jumatano. Jikoni

Nimepata nguvu nikashuka. Uani wanawake kama ishirini, sambusa mia tano, manda zinatandazwa, kuna bakuli la uji wa ngano wa kugandishia sambusa, mahamri yanasukumwa, unga unaelea hewani ukipiga jua unauona kama vumbi la barabara. Humo mimi sikai. Unga wa hewani unatua kwenye chakula, unaumeza, hivyo hivyo tu.

Mama kanitengea jiko dogo la mkaa juu darini. Kisufuria kipya, kakitia uzi mwekundu kwenye mkono. Mbuzi ya kukunia nazi akanipa ile ya kwake mwenyewe, ila chungio la tui nikalikataa kwa heshima, maana lile linachungia na unga, na matundu yale hayaoshwi yakaisha. Nikakamulia tui kwenye kitambaa kipya. Mama akaniangalia, akasema aah, hata hilo. Akaenda kununua chungio jingine.

Mkate wa mofa pia uliletwa, wa mtama, ule unaobandikwa tanuri ya udongo. Roho iliutaka. Aliyeuleta alipoulizwa umetia nini ili ushike, akacheka, "kidogo tu." Haya.

Siku ya 8, Alhamisi. Harusi

Pilau la harusi ndo chakula salama kuliko vyote nilivyokula safari nzima, nani angejua. Wanapika wanaume, nje, kuni, masufuria makubwa ya kutosha kuogea mtoto, mwiko kama kasia, na toka asubuhi hawashughuliki na kitu kingine, ngano haifiki pale. Viungo vizima wanasaga wenyewe kwenye kinu. Nilisimama na mpishi mkuu toka vitunguu vinaingia, nikamuuliza vitu kama kumi na viwili, cha kumi na tatu akanambia shemeji, shika mwiko upike wewe.

Tatizo ni sinia. Wanne sinia moja, mikono inatoka kwenye sambusa inaingia kwenye pilau. Nilikua nimejiandaa kusema nimeshiba. Kabla hata masinia hayajapakuliwa mama mkwe akapita katikati ya wanawake wote na sahani yenye mfuniko, akaniwekea mbele, akatangaza kwa sauti, huyu ana mwiko wa ngano, asiguse mtu. Bi mmoja akauliza mwiko wa kwao wapi? Mama akasema, "Wa kwetu."

Nilikula na kulia, nikasingizia moshi.

Siku ya 9 mpaka 11

Shela kuogelea, samaki wa kupaka, usingizi. Samaki wa kukaanga ukinunua nje uliza kama wamemvingirisha kwenye unga, wengine wanaweka apate rangi. Wa kuchoma na ndimu hana maneno, ila muombe achomwe upande wa wavu ambao hawapashii chapati, au mviringishe kwenye foili yako.

Kurudi tulilala Mombasa na Tanga palepale, sina cha kuandika zaidi ya kwamba kwa bibi tulipita tena alfajiri na mwenyeji wa Mombasa aliniomba msamaha mara tisa mpaka nikamuomba yeye aache. Kwa jumla nimetumia kama laki tatu na themanini za kwetu bila zawadi ya harusi, kula kulikua rahisi maana robo tatu nimekula vya kwenye mfuko.

Kisufuria cha uzi mwekundu tulikiacha Lamu, mama kakitundika msumari wa juu kabisa jikoni, akasema kinakusubiri. Juzi usiku akanitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika nne, salamu za kila mtu na kila punda, halafu mwisho kabisa sauti ikashuka: mwanangu, nimeingia jikoni nimemkuta baba yako amekishusha, amepikia tambi. Nimempigia kelele mpaka majirani wametoka. Nimeshanunua kingine.